Kukosa

Neno la kwanza la Kigiriki cha kale lilinifikia likiwa limekwisha kufasiriwa, na tafsiri yake ilikuwa "dosari". Lilikuwa ndani ya desa la nadharia ya fasihi, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, kwenye ukurasa ulionakiliwa mara nyingi mpaka herufi zilianza kufifia. Hamartia, desa lilisema, ni dosari iliyomo ndani ya mhusika mkuu wa tanzia, na ndiyo inayomwangusha. Chini yake kulikuwa na orodha fupi. Makbeth: tamaa. Edipode: hasira na kiburi. Tulikariri, tukaandika kwenye mtihani, tukapata alama zetu, tukaendelea na maisha.

Edipode peke yake ndiye aliyebaki kunikera. Nilikuwa nimemsoma katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1971, nakala ya maktaba isiyo na jalada. (Mwaka huohuo Ola Rotimi wa Nigeria alichapisha tamthiliya yake ambamo Edipode amegeuka kuwa Mwafrika aitwaye Odewale. Sisi tulimtafsiri, wao walimpa uraia.) Nilirudi kwenye kitabu kuitafuta hiyo dosari. Wazazi wanaambiwa kwamba mtoto wao atamuua baba yake. Mtoto hajafikisha hata siku tatu, anafungwa vifundo vya miguu, anakabidhiwa mchungaji ampeleke mlimani akafie huko. Nikajiuliza: dosari iliingia saa ngapi? Mtoto wa siku tatu ana kiburi gani?

Nilipouliza darasani, nilijibiwa kwamba Aristotle ndiye aliyesema. Jibu hilo lilikuwa na maana kwamba mjadala umefungwa. Lakini Aristotle hakusema "dosari", kwa sababu hakujua Kiswahili, na hakusema chochote kwa Kiingereza pia. Alisema neno lake. Nilitaka kuliona lilivyokaa pale alipoliweka, nani kalishika mkono huku na nani huku.

Nilipoanza shahada ya uzamili katika fasihi nilijifunza lugha hiyo mwenyewe, kwa sababu chuoni kwetu hapakuwa na wa kunifundisha. Waliokuwa karibu nayo zaidi ni wanafunzi wa theolojia, ambao husoma Kigiriki cha Agano Jipya. Mmoja wao alinipa daftari lake la mwaka wa kwanza, lenye majedwali ya vitenzi na madoa ya chai. Kitabu changu kikuu kilikuwa cha John Williams White, cha mwaka 1896, kinachopatikana bure mtandaoni kwa kuwa hakuna tena mwenye kudai haki juu yake. Kimejaa majeshi. Mazoezi yake yamejengwa juu ya Xenophon, hivyo kwa miezi kadhaa niliweza kusema kwa Kigiriki kwamba askari wanavuka mto na kwamba jemadari anawapa mishahara, lakini sikuweza kuomba maji ya kunywa.

Likizo zote nilizitumia Vugiri, kwa bibi yangu mzaa mama. Vugiri iko juu ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe, kwenye chai, iliki na migomba. Ukungu ukiondoka, kutoka ukingoni unaona bonde lote la mto Pangani, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari, na ng'ambo yake nchi ya Handeni inayokuwa ya buluu kadiri inavyokwenda mbali. Mtandao haupatikani kila mahali. Nilikuwa napanda asubuhi mpaka kwenye mawe fulani juu ya shamba la jirani, nafungua maktaba ya Perseus ya chuo kikuu cha Tufts, napakua kurasa za kutosha siku nzima, nashuka. Katika maktaba hiyo ukigusa neno lolote la Kigiriki linakuambia lilikotoka, na kamusi kubwa ya Liddell na Scott inafunguka. Bando la wiki lilitosha tamthiliya nzima.

Herufi hazikunipa shida. Mtu yeyote aliyepita kidato cha tatu anaijua theta, lambda na pi, ila hajui tu kwamba zinaweza kuungana zikawa neno. Kilichonishtua ni kwamba sarufi ile, inayosifika kwa ugumu katika vitabu vyote vya Kiingereza, ilinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Vitabu hivyo humwonya msomaji kwa huruma kwamba kitenzi cha Kigiriki hubeba mtenda, wakati na hali katika neno moja. Sasa hilo ni jambo la kumwonya mtu anayesema "hatukuwaonea"? Huwaonya pia kwamba jina na sifa yake lazima zikubaliane. Sisi hatujawahi kuona lugha ambamo hazikubaliani, mpaka tulipokutana na Kiingereza. Tofauti ni kwamba sisi tunafanya kazi hiyo mwanzoni mwa neno, wao wanaifanya mwishoni, kwa hiyo ilinibidi kufundisha macho yangu kutazama mkia.

Sisemi kwamba Kiswahili ni Kigiriki. Kuna vitu vilivyonitesa hasa, kama vile alama za mkazo na vile vitenzi vinavyobadilika sura kila wakati mpaka huwezi kuamini ni ndugu. Lakini niliacha kuamini kwamba njia ya kwenda Thebes lazima ipitie London. Nilipokutana na mstari mgumu, nilijizuia kuuliza Kiingereza chake ni kipi. Niliuliza mama yangu angeusemaje. Neno la pili kabisa la tamthiliya ni tekna, watoto. Mfalme anatoka nje, anawakuta wananchi wamekaa na matawi ya maombi, na anawaita hivyo, wazee wakiwamo. Wafafanuzi wengine huona hapo dalili ya majivuno. Mimi niliona mtu mzima anayesema "wanangu" mbele ya msiba, kama mwenyekiti wa kijiji chochote, na nikaona kwamba hata ile hasira na kiburi vya kwenye desa vimesomwa humo na watu wasioitwa "mwanangu" na kila mzee wanayepishana naye njiani.

Kichwa chenyewe cha tamthiliya kina fumbo ambalo neno "mfalme" haliwezi kulibeba. Kigiriki kina basileus, mfalme kwa maana tunayoielewa, na kina tyrannos, mtu aliyeshika utawala bila kuurithi, ambaye si lazima awe dhalimu. Edipode kwa jina la tamthiliya ni tyrannos. Yeye ni mgeni aliyekuja kwa miguu, akateguа kitendawili cha zimwi lililokuwa likila watu, akapewa mji na mjane wa mfalme. Mchezo mzima unakwenda kugundua kwamba hakuwa mgeni. Alikuwa mrithi halali tangu mwanzo, na uhalali huo ndio maafa yake.

Mtu aliyekulia Usambara akifika hapo lazima aweke kitabu chini kidogo, maana hadithi hii anaijua kwa jina lingine. Mbegha, mwindaji, alitoka Nguu, upande wa Handeni. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo wake, aliuawa au alitupwa. Yeye aliachwa hai. Wazazi walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi wakisema vifo vile vimeletwa na yeye. Akaondoka, akatangatanga na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akapanda mpaka Usambara akigawa nyama. Vuga akaua simba usiku, na asubuhi watu wakampa nchi. Habari hiyo iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa kwanza na wamisionari wa UMCA huko Magila na kutolewa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau. Mwanahistoria Steven Feierman aliichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa.

Alama mwilini, kufukuzwa, kuua mnyama, kupewa mji. Nilijaza kurasa tatu za daftari kwa kufananisha, kisha nikaona kufananisha huko hakunipeleki popote. Tofauti ndiyo iliyokuwa na uzito. Mbegha anakwenda mbele mpaka mwisho. Kigego anageuka chifu, na watu waliomkataa hawarudi tena kwenye hadithi. Sophocles anamrudisha wake nyumbani. Anauliza swali ambalo hadithi yetu haina haja nalo: yule aliyetakiwa kumuua yule mtoto akamwacha, alikuwa anafikiri nini?

Sasa nirudi kwenye neno. Hamartia limetokana na kitenzi hamartano. Nililifuata kamusini kutoka Aristotle kurudi nyuma mpaka kwa Homer, na kule kwa Homer halina uhusiano wowote na tabia ya mtu. Ni neno la mkuki. Mtu anarusha, mkuki unapita pembeni unampata mwingine au unachoma ardhi, na mshairi anasema hamarte: amekosa. Karne nyingi baadaye, katika Agano Jipya, neno lilelile ndilo linaloitwa "dhambi" kwenye Biblia zetu. Katikati ya mkuki na dhambi yuko Aristotle, sura ya 13 ya Poetics, akisema kwamba mtu wa tanzia hafikwi na maafa kwa uovu wake bali kwa hamartia fulani, na anamtaja Edipode kwa jina.

Nilikuwa kwenye yale mawe juu ya shamba la jirani nilipoliona, na nilicheka peke yangu. Kiingereza kina shida kubwa na neno hili, kinatumia maneno mawili matatu kulizunguka, na hilo moja lililokuja kwetu kama "dosari" limetokana na mojawapo ya mizunguko hiyo. Kiswahili hakina shida yoyote. Mwindaji akirusha mshale ukapita, amekosa. Mtoto akivunja sahani, amekosa. Ukifika stendi basi limeondoka, umelikosa. Ndani ya "kosa" kuna mshale, na umekuwamo siku zote. Tulikuwa na neno lenyewe mdomoni, tukaenda kuazima lingine linaloashiria ufa kwenye chungu. Dosari ni kitu unachozaliwa nacho. Kosa ni kitu kinachotokea kati ya mkono wako na kule ulikolenga.

Na Edipode alilenga. Hilo ndilo desa lilikosa kutuambia. Alipoambiwa kule Delphi kwamba atamuua baba yake, aliikimbia Corinth, mji wa watu aliodhani ni wazazi wake, ili jambo hilo lisitokee. Alilenga mbali kabisa na baba yake, na mkuki ukaenda njia panda ukamkuta. Anapomsimulia mkewe juu ya siku ile, vitenzi vyake vinakwenda vimekaa katika wakati uliopita, lakini anapofika kwenye kuua anatumia wakati uliopo. Naua. Kana kwamba bado yuko pale njia panda. Hakuna mfafanuzi aliyeniambia nisimame hapo. Nilisimama kwa kuwa nilikuwa nasoma polepole, neno kwa neno, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Jioni ile nilimweleza bibi. Tulikuwa jikoni, anachambua maharage ya makande, mimi nashika tochi ya simu. Kwa kawaida bibi husikiliza masomo yangu kwa adabu ileile anayomsikilizia mgeni wa siasa. Nilimsimulia tamthiliya yote, kuanzia mtoto na vifundo vyake. Nilipofika kwa mchungaji aliacha maharage.

"Akampa mtu mwingine," alisema.

"Akampa mchungaji wa nchi nyingine ampeleke mbali."

"Kwa nini hakumwacha palepale alipoambiwa?"

Nikamwambia kwamba hilo hasa ndilo anaulizwa kwenye mchezo, amekwisha kuwa mzee, na kwamba jibu lake linaanza kwa neno moja, katoiktisas. Nilimtajia kwa Kigiriki kwa sababu nilikuwa najivunia. Nikamweleza maana yake: kwa kumwonea huruma. Ni neno moja, kama letu lingekuwa moja.

Bibi alikaa kimya, halafu akanieleza jambo ambalo mama yangu analijua nusu na mimi nilikuwa nalijua robo. Nilijua tu kwamba aliwahi kuwa na mdogo wake wa kiume aliyekwenda Handeni.

Yule mtoto alianza kuota jino la juu. Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, bibi akiwa na miaka kama saba. Mama yake na shangazi yake waliliona, wakakubaliana kimya. Wakasema mtoto ana homa ya macho, hatakiwi mwanga, na kila alipotolewa nje alifunikwa kanga usoni. Walikuwa wanangoja ya chini yaote, ili siku watu watakapomwona wakute yote yapo, juu na chini, na hakuna atakayejua lipi lilitangulia. Walihitaji wiki chache tu. Bibi hakuambiwa kitu, kwa kuwa watoto hawaambiwi. Alikwenda mtoni na wenzake kuchota maji, wasichana wakawa wanajisifia wadogo zao, nani ametambaa, nani ameanza kukaa. Naye akasema wa kwao ana jino. Wakamuuliza wapi. Akainua mdomo wake wa juu akawaonyesha kwa kidole.

Wazee walikuja kabla ya giza. Kuua kulikwisha kuwa jinai mbele ya serikali, na kanisani kulikuwa kunahubiriwa dhidi yake, kwa hiyo hakuna aliyelitaja. Ilisemwa tu kwamba mtoto asilale kwenye ardhi ya ukoo. Palikuwa na Mzigua mmoja, rafiki wa baba yao, aliyekuwa akipandisha mbuzi na kushuka na tumbaku. Alimbeba mgongoni alfajiri. Bibi anakumbuka kanga aliyobebewa, ya mama yake, na anakumbuka kwamba ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hawakuona walikopinda. Miaka miwili baadaye baba yao alifariki, na kuna waliosema mtoto angeondolewa mapema isingekuwa hivyo.

Hapo ndipo nilipomletea bibi faraja yangu yenye umri wa miaka elfu mbili na kitu. Nilimwambia juu ya mkuki. Nikamweleza kwamba Wagiriki walikuwa na neno la kosa lisilo dhambi, lisilo ubaya wa moyo, kosa la mtu aliyerusha tu likapita pembeni, na kwamba sisi tunalo neno hilohilo. Nilizungumza vizuri. Nilikuwa nimelifanyia kazi kwa mwaka mzima.

"Anayekosa," bibi alisema, "ana mshale mkononi. Mimi nilikuwa na ndoo."

Akarudi kwenye maharage.

Nimeshinda na sentensi hiyo kuliko kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya tasnifu. Mwanzoni niliielewa kama kukataa kufarijiwa. Kisha nilianza kuiona kama usomaji, na usomaji makini kuliko wangu. Mimi nililitoa neno kwenye dosari nikalipeleka kwenye shabaha, nikadhani nimemaliza. Bibi alikuwa anauliza kitu kinachofuata: kama hamartia ni kukosa shabaha, basi si kila aliyeharibu amekosa. Lazima kwanza uwe umelenga. Mtoto aliyeinua mdomo kuonyesha jino hakulenga popote. Basi katika habari ile nani alikuwa na mshale?

Ukiuliza hivyo, watu wawili wanasimama. Mama na shangazi, waliolenga ya chini yaote. Na ukirudi na swali hilo Thebes, anasimama yule mchungaji. Vitabu vyote vinamtendea kama kifaa: ni shahidi wa mwisho, anafika, anaminywa, anasema, anaondoka. Jebb, ambaye ufafanuzi wake wa Kiingereza ulinisaidia kupita mamia ya mistari, anamweleza kwa uangalifu mkubwa wa sarufi. Lakini ndani ya mchezo ule hakuna mtu aliyelenga kwa dhamiri safi zaidi yake. Alitumwa kuua, akalenga kuokoa, na alitumaini kwamba mtoto atachukuliwa nchi nyingine. Kila kitu kibaya kilichotokea Thebes kimepita katika huruma ya mtu huyo. Kama alivyokuwa Edipode mwenyewe, alirusha mbali na maafa, na maafa ndiyo yaliyopatwa.

Najua Aristotle alimtaja Edipode wala hakumtaja mchungaji. Hapa ndipo ninapoachana naye, au angalau ninapombana kuliko alivyotaka. Nadhani katika tamthiliya hii hamartia haikai ndani ya mtu mmoja kama jino. Inarithishwa, kutoka mkono hadi mkono, kwa watu ambao kila mmoja alikuwa anajaribu kuzuia jambo. Nimeliandika hivyo kwenye sura ya tatu. Msimamizi wangu, mtu mwangalifu, aliweka alama pembeni kwa wino mwekundu: Nani amesema? Ni swali la haki. Hapo ndipo nilipogundua nimeandika kurasa kumi na moja ambazo nyuma yake hakuna jina la mtu wa kunilinda, isipokuwa maneno ya Kigiriki yenyewe, ambayo yeyote anaweza kwenda kuyatazama, na kikongwe mmoja ambaye hajamaliza darasa la nne. Nilimwandikia kwamba nimesema mimi, na nikaambatisha mistari husika na maelezo ya kila kitenzi. Hajajibu bado.

Bibi hataki jina lake liingie kwenye tasnifu. Anasema waandike "mkazi wa Vugiri" inatosha, na kwamba wenyewe wa habari hii wengine bado wapo. Sikumuuliza kama ana maana ya Handeni. Siku nyingine akiwa nje ukingoni huwa anatazama upande ule, lakini kila mtu Vugiri hutazama upande ule, ndiko kunakotazamika.

Alichotaka kujua kingine ni mwisho wa mchungaji. Aliniuliza tena nilipokuwa nafunga mkoba kurudi chuoni, kana kwamba tulikuwa hatujaacha mazungumzo. Nilimwambia mchungaji akishasema anatoka, na baada ya hapo hatajwi tena. Malkia anajinyonga, mfalme anajitoboa macho, watu wanalia, na hakuna anayemkumbuka.

"Wakamwacha tu aende?"

"Haijasemwa, bibi."

"Basi hicho kitabu hakijaisha. Tafuta kingine."

Kipo kingine. Sophocles aliandika juu ya Edipode tena uzeeni, tamthiliya ambayo hakuiona ikichezwa. Iliigizwa mwaka 401 K.K. baada ya kufa kwake, na aliyeitoa ni mjukuu wake, aliyeitwa Sophocles pia. Humo Edipode ni kipofu, ni mzee, anaongozwa na binti yake, amefika kijiji cha watu wasiomtaka, na anapoulizwa juu ya yale aliyoyafanya anajibu kwa ukali kwamba hayo aliyapata zaidi kuliko alivyoyatenda. Mchungaji hayumo, nimeshachungulia. Nimepakua mistari mia tatu ya kwanza. Bibi ameniambia nikifika nayo mwezi wa sita nisimsomee Kigiriki kwanza, nianze na habari yenyewe.